Mama na Jirani Yake Kwenye Kambi ya Macho

Kazi yangu ni kuandika habari za hospitali. Si zahanati, ni hospitali ya chuo kikuu hapa Tanga mjini, wanafunzi wa udaktari wanazunguka wodini nyuma ya walimu wao, na kila wiki kuna jambo la kutangaza. Mashine mpya ya kusafisha figo imefika. Uchangiaji damu utafanyika Jumamosi. Kliniki ya kisukari imehamia jengo la nyuma, wagonjwa wasiende tena kupanga foleni kule mapokezi. Naandika, mkuu wa kitengo changu anasoma na kupunguza maneno, kisha tangazo linabandikwa ubaoni, linatumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na likiwa kubwa linasomwa redioni. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani hospitali nikawaambia, huwa wanapoa kidogo. Walitegemea nitawaingiza kwa daktari.

Mwaka huo tangazo kubwa lilikuwa kambi ya macho. Madaktari bingwa kutoka nje ya mkoa wangeungana na wa kwetu, wafanye upasuaji wa mtoto wa jicho wiki nzima, bure. Mtoto wa jicho ni ule ukungu unaotanda ndani ya mboni kidogo kidogo, mpaka mtu anaiona dunia kama anachungulia kwenye chandarua. Nililiandika tangazo lile kwa uangalifu kuliko mengine yote. Nilieleza kwamba mgonjwa hapewi dawa ya usingizi, anachomwa ganzi tu. Kwamba jicho halitolewi mahali pake. Kwamba bandeji inafunguliwa kesho yake asubuhi. Mkuu wangu alisema limekuwa refu. Nikamwomba aliache hivyo hivyo. Sikumwambia kwamba nilikuwa namwandikia mama yangu.

Mama anakaa Kigombe, kwenye nyumba niliyozaliwa. Macho yalianza kumpotea siku nyingi, ila alijua kuficha. Alimimina chai huku kidole kimeingia ukingoni mwa kikombe, ajue imefika wapi. Alisuka ukili wa mkeka kwa vidole, na mkeka ukatoka umenyooka kama zamani. Nilipokwenda kumwona mwisho wa wiki alikuwa ananijua kwa hatua zangu. Nilianza kushtuka siku aliponisifia gauni jekundu, na mimi nilivaa la kijani. Nilipomwambia aje hospitali alikataa. Nikamwambia tena mwaka uliofuata, akakataa vilevile.

"Wanaling'oa jicho, wanaliosha, wanalirudisha," alisema. "Mie nimeshasikia. Likirudi vibaya je?"

"Mama, mimi nafanya kazi pale pale. Hakuna anayeng'oa jicho."

"Wewe unaandika. Unaingia ndani wanakopasua?"

Hapo alinipata. Sikuwahi kuingia.

Jirani yake alikuwa na shida hiyo hiyo. Huyu ni Mshambaa. Aliteremka kutoka Lushoto akiwa bibi harusi, mumewe alikuwa anakata mkonge kwenye shamba la hapo karibu, na mume alipofariki hakurudi milimani. Yeye ni Mlutheri, mama yangu ni Mwislamu wa pwani, na tangu nipate akili nyumba zao zinatenganishwa na ua wa makuti wenye upenyo ambao hakuna aliyewahi kuuziba. Asubuhi mama humwamkia kwa Kishambaa, "Onga makeo," na yeye hujibu "Waaleikum salaam," na wote wawili hucheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mimi namwita mama mdogo. Ndiye aliyenifundisha kupika maharage, maana mama yangu maharage huyahesabu chakula cha wagonjwa.

Jumamosi moja kabla ya kambi nilikwenda Kigombe na simu yangu, nikawasomea tangazo. Walikuwa wamekaa barazani wanamenya muhogo, wote wawili kwa kupapasa. Nilisoma polepole mpaka mwisho.

Mama mdogo aliuliza, "Nani kaandika?"

"Mimi."

"Na ni kweli yote?"

"Nimemuuliza daktari kila neno."

Akaweka kisu chini. "Basi mie nakwenda."

"Nenda," mama alisema. "Mie siendi."

"Sijakwambia ukapasuliwe. Nisindikize tu. Mtoto huyu atakuwa kazini, mie nitakaa na nani kule?"

Mama alimenya muhogo mzima. Kisha akasema, "Nitakusindikiza. Lakini mie sipimwi."

Walikuja siku ya kwanza ya kambi na gari la asubuhi, kila mmoja na kikapu, mama amebeba na chakula cha kutosha watu wa wodi nzima. Niliwapokea getini. Wakati huo uwanja wa hospitali ulishajaa. Watu walikuwa wamekuja kutoka Pangani, Muheza, Mkinga, wengine wameshikwa mkono na wajukuu, wengine wamevaa miwani myeusi ya kuazima. Tulifungua turubai la pili kabla ya chai ya saa nne. Nilitakiwa nizunguke na kamera, lakini kila baada ya muda nilirudi kwenye lile benchi lao kuwaangalia.

Foleni ilipofika kwao, aliyekuwa anapima alikuwa binti mmoja wa mwaka wa mwisho wa udaktari. Alimpima mama mdogo kwanza, akaandika, akamwambia asubiri daktari. Kisha akamgeukia mama, ambaye alikuwa anapapasa benchi kutafuta kikapu chake kilichokuwa miguuni.

"Shikamoo bibi. Na wewe karibu."

"Marahaba. Mie msindikizaji tu."

"Haya. Nisaidie basi bibi. Hapa naonyesha vidole vingapi?"

"Mjukuu wangu," mama akasema, "binadamu kaumbwa na vitano kila mkono. Unataka nikwambie nini zaidi?"

Watu waliokuwa karibu walicheka, na binti yule alicheka zaidi yao. Hakubishana. Aliacha kiti chake akaja kukaa kwenye benchi, bega kwa bega na mama, akamuuliza habari za Kigombe. Kumbe bibi yake mwenyewe aliwahi kuishi Tongoni, si mbali na kwetu. Wakaongea juu ya samaki, juu ya nani anatengeneza chumvi siku hizi. Katikati ya maongezi hayo akasema, "Bibi, niruhusu nikumulike tu na tochi hii. Sitakugusa." Mama akainua uso. Binti akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huu ni mtoto wa jicho, bibi, na ni ule unaotoka vizuri."

Mama aliposogezwa kwenye mlango wa daktari pamoja na mama mdogo hakukataa.

Tuliingia watatu. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimpima mama haraka, akasema jicho la kulia litatengenezwa kesho na la kushoto kambi ijayo. Kwa mama mdogo alikawia. Alimwekea mashine, akamtia dawa ya matone, akasubiri, akatazama tena. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Mama, nitakueleza kama lilivyo. Jicho lako la kushoto si mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Presha ya ndani ya jicho ilipanda muda mrefu, ikaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Hilo hatuwezi kulirudisha. La kulia lina mtoto wa jicho, na presha nayo imeshalila kidogo. Nikilipasua utaona zaidi ya sasa, lakini siwezi kukuahidi kwamba utaona vizuri."

"Ningekuja mapema?"

Daktari akamtazama. "Ungekuja mapema tungekupa dawa ya matone, na pengine tungelizuia. Haliumi, ndiyo maana watu hawaji. Hata sasa itabidi utiwe matone kila siku, kulinda kilichobaki."

Mama mdogo akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubaliana na mwenzake kwenye mazungumzo ya kawaida. "Haya. Hicho kilichobaki kitengenezeni."

Ndipo mama yangu aliposimama. "Mie basi. Kama yeye haoni, na mie nabaki vilevile. Tulikuja wote."

Nilitaka kusema kitu lakini mama mdogo alinitangulia. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti kabla ya siku ile, wala baada yake.

"Usinifanyie hivyo! Usinifanyie hivyo wewe! Ukae kipofu, halafu mie ndiyo niwe sababu? Nani atanionyesha njia? Nani atanitia hiyo dawa ya matone anayosema? Kaa chini."

Mama akakaa. Daktari alijifanya anaandika. Mimi niliangalia ukutani, kwenye picha ya jicho lililokatwa katikati, mpaka niliposikia mama anasema, "Kesho saa ngapi?"

Walipasuliwa siku iliyofuata, mama mdogo kwanza, mama baadaye. Safari hii niliomba ruhusa nikaingia, nimevaa nguo za kijani na kofia, nikasimama kwenye kona niliyoonyeshwa. Nilimwona mama yangu amefunikwa kitambaa chenye tundu moja, na ndani ya tundu lile jicho lake, peke yake. Ilikuwa kazi ya muda mfupi mno. Mama alisoma dua kwa sauti ndogo tangu mwanzo hadi mwisho, na daktari akamwomba mara moja tu asitikise kidevu. Jioni nilimwambia kwamba nimeingia, nimeona, na jicho halikutoka. Akasema, "Najua. Nilikuwepo."

Asubuhi ya kufungua bandeji wodi ilikuwa kama sebule ya harusi. Kila bandeji ilipofunguliwa kulikuwa na kelele. Mzee mmoja alimshika muuguzi usoni akamwambia kumbe ni mrembo. Mama na mama mdogo walikuwa vitanda vinavyopakana. Muuguzi alianza na mama. Alipomsafisha kope, mama alifumba, akafumbua, akafumba tena. Kisha akanitazama. Alinitazama kwa muda, kuanzia kichwani.

"Umepata mvi," akasema.

Nilicheka huku machozi yananitoka. Lakini yeye hakucheka. Alikuwa ameshageuka upande wa kitanda cha pili.

Bandeji ya mama mdogo ilipotoka, alielekeza uso dirishani. Muuguzi alimuuliza anaona nini.

"Mwanga. Lile pale dirisha." Akageuza shingo. "Na mtu. Huyu mtu kavaa kitu cha njano."

Ilikuwa kanga ya mama.

"Ni mie," mama alisema.

"Najua ni wewe. Uso siuoni. Na wewe unaona?"

"Kidogo."

"Kidogo kama mie?"

Mama hakujibu.

"Sema kweli," mama mdogo alisema. "Nimekuja na wewe mpaka huku, uniambie uongo leo?"

"Naona," mama akasema. "Naona vyote."

Nilidhani mama mdogo angelia, au angegeukia ukutani. Akasogea kitandani akampisha mama akae. "Basi niambie. Anza na mlango."

Mama akaanza na mlango. Ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa na chini umechunika. Akamwambia muuguzi amevaa viatu vyeupe na cha kushoto kimefungwa kamba ya rangi nyingine. Akamwambia nje kuna mti, na kunguru kwenye mti, na nyuma ya mti ukuta, na juu ya ukuta kipande cha bahari. Mama mdogo aliuliza kipana kiasi gani. Mama akamwonyesha kwa mikono miwili, kisha akakumbuka, akamshika mwenzake mikono akaitanua kwa upana ule. Niliondoka. Nilikuwa na habari ya kuandika.

Mkuu wa kitengo changu ni mtu mwema, na nafahamu alichokuwa anataka. Alitaka picha ya mama yangu anatabasamu, na kichwa cha habari kisemacho kwamba wazee wote wameona tena. Alisema watu wakisikia kuna aliyepasuliwa na bado haoni sawasawa, kambi ijayo hawatakuja. Nikamwambia kwamba kule Kigombe wataona kwa macho yao mama mdogo anarudi ameshikwa mkono, na habari yangu itawaambia wameona tofauti na walichokiona. Hatukuelewana. Mwishoni alisema, "Muulize mwenyewe. Akikubali kutajwa, tutazungumza."

Nilimkuta mama mdogo kwenye bustani ya wodi, amekaa juani. Nikamweleza pande zote mbili, bila kumficha hata neno la bosi wangu.

"Redio ya hospitali inafika mpaka Kigombe?" aliuliza.

"Si ya hospitali, mama mdogo. Ni redio ya hapa mjini, tunapewa muda. Inafika hata Pangani."

"Mpaka mashamba ya mkonge?"

"Inafika."

"Basi niletee hicho chombo cha kusemea. Usiandike. Nitasema mwenyewe."

Nilimrekodi kwa simu pale pale, kunguru wanasikika nyuma. Hakusema maneno mengi. Alisema yeye ni mwanamke wa Kigombe, alikuja kwenye kambi na rafiki yake, rafiki yake ameona na yeye ameona mwanga na rangi. Alisema madaktari hawakumkosea. "Nilikuwa nauona ukungu, nikasema ni uzee. Haukuniuma, nikanyamaza. Wewe ambaye bado unaona ndiyo nakwambia, nenda ukapimwe presha ya macho. Usingoje mpaka usiweze kuiona njia ya kwendea." Akaongeza, "Na wale mnaosema jicho linang'olewa, mie langu ninalo hapa."

Mkuu wangu alisikiliza mara mbili. Hakubadilisha kitu. Aliniambia tu nitafute nani hospitali anayehusika na presha ya macho, maana ukiwaita watu lazima wakute mtu wa kuwapokea. Kwa hiyo tangazo lililofuata halikuwa la kambi. Lilikuwa la kliniki ya kila Jumatano, watu waje wakiwa bado wanaona, na sauti ya mama mdogo ikatangulia.

Jumatano ya kwanza walikuja wachache. Jumatano iliyofuata benchi lilijaa, na baadaye ilibidi waongeze muuguzi. Walikuja makuli wa bandari, wake wa vibarua wa mkonge, Wapemba wawili wenye duka huko Chumbageni jirani na kwangu, ambao siku zote nanunua mchele kwao na hawakujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa naandika mambo yale. Kutoka Ushongo alikuja fundi wa mashua. Huyo alikutwa na presha imepanda macho yote mawili, na mshipa bado mzima. Daktari aliyempima ndiye yule aliyempima mama mdogo. Alinipigia simu ofisini kunieleza, na haikuwa kawaida yake kupiga simu. "Huyu tumemuwahi," alisema, kisha akakata.

Nilikwenda Kigombe wiki ile kumwambia mama mdogo. Niliwakuta wanagombana. Tangu mama apate jicho alikuwa ameanza kuona vumbi, utando wa buibui, nyufa za ukuta na masizi ya jikoni, na si kwake tu, alikuwa amevuka upenyo wa ua akahamia kufagia nyumba ya mwenzake.

"Ananihamishia vyombo," mama mdogo alinilalamikia. "Naweka chungu hapa, nikirudi hakipo. Mie nyumba yangu naiona kwa mikono. Mwambie aache."

"Chungu kilikuwa na kutu," mama alisema.

"Chungu cha udongo kina kutu wapi?"

Niliwasikiliza mpaka wakamaliza, ndipo nikamweleza habari ya fundi wa Ushongo. Mama mdogo aliuliza ana umri gani, ana watoto wangapi, anaona vizuri kiasi gani sasa. Nilimjibu ninachokijua. Akaweka mikono mapajani.

"Anaweza kutia uzi kwenye sindano?" aliuliza.

"Nadhani anaweza."

"Haya," akasema. "Vizuri." Kisha akamwambia mama alete ile dawa ya matone, muda wake umefika. Mama akanawa mikono, akamwinamisha kichwa nyuma, akamtia tone moja kila jicho, hata lile lisiloona, maana daktari alisema yote mawili. Akamfuta mashavu kwa pembe ya kanga.

Jicho la pili la mama lilitengenezwa kwenye kambi iliyofuata. Safari hiyo hakuna aliyembembeleza. Mama mdogo alimsindikiza. Yeye uwezo wake wa kuona haukuongezeka, lakini na dawa umebaki pale pale, na daktari anasema hilo ndilo la kushukuru. Anaona mwanga, rangi, mtu akipita mlangoni.

Jumapili mama humpeleka kanisani, kule upande wa shamba la mkonge. Humkabidhi kwa wanawake wenzake mlangoni, halafu yeye hukaa nje kwenye kivuli cha ukuta, na buibui lake, anasuka ukili mpaka ibada iishe. Mwanzoni waumini walimletea kiti na kumkaribisha ndani. Siku hizi wanamletea kiti tu, na mara nyingine chai. Jumapili iliyopita nilikuwepo. Watu walipotoka, mama mdogo alisimama mlangoni, mkono umenyooshwa mbele kidogo, na mama akakunja ukili wake akaenda kumchukua. Njiani waliongea juu ya bei ya nazi.